Mlango Uangalie Wapi

Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya kiwanja, msumari mmoja mdomoni na mingine mfukoni, akivuta kamba kutoka kigingi kimoja hadi kingine. Ilikuwa Jumamosi ya Juni, saa mbili asubuhi, na upepo wa Iyumbu, hapa Dodoma, ulikuwa unatuchapa kama tumeukosea. Mimi nimejitanda kanga mbili juu ya sweta. Yeye ana fulana tu.

Akatoa msumari mdomoni.

"Mama, mlango mkubwa uangalie wapi?"

Nikafungua simu nimwonyeshe ramani. Kwenye ramani mlango unatazama barabara, na barabara iko mashariki. Fundi akaitazama simu kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto asiye mzuri.

"Aliyechora hii anakaa wapi?"

"Dar, nadhani."

"Ndiyo maana. Huko barabarani ndiko upepo unakotoka. Ukiuelekeza mlango huko, kuanzia sasa mpaka Oktoba utakuwa unakula mlenda wenye mchanga."

"Na tukiugeuza?"

"Magharibi? Utapata jua la jioni, na jua la jioni la hapa unalijua." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mzee anasemaje?"

Mzee ni mume wangu. Nikasogea pembeni nikapiga. Nikasikia feni, nikasikia watu wakibishana bei ya shokamzoba, maana Jumamosi ndiyo siku yake kubwa dukani. Nikamweleza habari ya upepo na jua, barabara iko wapi, fundi anasema nini. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa upole kabisa:

"Wewe amua tu."

Nikarudi kwa fundi nikamwambia tungoje kidogo. Kidogo hicho kikawa wiki tano. Mbuzi wa jirani walizikata kamba, vigingi vikabaki vimesimama peke yake, na mimi kila nikilala namsikia mume wangu akinipa ruhusa.

## Tembo aliyezama

Nilikuja na msafara wa 2017, ofisi za serikali zilipohamia Dodoma kutoka Dar. Wengi wenu mliukwea au mliukwepa, kwa hiyo sitausimulia. Nilipanga chumba na sebule Area C, nikanunua godoro la futi tano kwa sita, nikasema ni la muda.

Wiki ya kwanza mwenyeji mmoja wa ofisini alinipa kisa cha jina la mji: tembo alikuja kunywa maji, akanasa topeni, akadidimia, na Wagogo waliomkuta wakasema *idodomya*, amezama. Sisi wageni tulikipenda sana kisa kile. Tulijiona ndio tembo wenyewe.

Ijumaa zilikuwa na ratiba yake. Saa nne unaanza kuona mabegi madogo chini ya meza. Saa sita mtu anavaa raba badala ya viatu vya kazini. Saa nane ukimtafuta unaambiwa ametoka kidogo, na hicho kidogo kiliishia Ubungo. Basi lilikula saa nane, wakati mwingine tisa: Kibaigwa, Gairo, Dumila, Msamvu, kuchimba dawa mara mbili vichakani, kisha foleni ya kuingia mjini ikakumalizia nguvu. Unafika usiku, Jumamosi unafua, Jumapili asubuhi unapika kitu cha maana, mchana unarudi.

"Unaenda nyumbani wiki hii?" Ndivyo tulivyoulizana. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyetumia neno hilo akimaanisha chumba alicholala Jumatano.

Mwaka wa kwanza nilikwenda mara nne kwa mwezi. Baadaye mara mbili. Baadaye mshahara ukiingia. Mume wangu, aliyebaki Dar, alikuja labda mara tatu kwa mwaka, na hilo tulikubaliana ni haki, kwa sababu duka la vipuri halifungwi Jumamosi na Jumapili peke yake haitoshi kwa safari ile. Barabara ndefu. Nani wa kulaumiwa?

Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, mji ulichangamka. Gesti zinajaa, kuku choma anapanda bei, hata mimi napata mtu wa kunywa naye chai jioni. Julai wanaondoka. Unabaki wewe na baridi.

## Aliyeposwa 1973

Jumapili ambazo sikusafiri nilikuwa natembea. Area C mpaka Nyerere Square, Nyerere Square mpaka stesheni ya zamani ya reli aliyoijenga Mjerumani, kisha narudi kwa njia nyingine. Dodoma ni mji mzuri wa kutembea ukiwa na huzuni. Barabara ni pana, viwanja vitupu vimeachwa katikati ya nyumba, na mara unatokea mwamba mkubwa ambao hakuna aliyediriki kuuhamisha.

Baadaye mzee mmoja aliyewahi kushika kamba za upimaji enzi hizo aliniambia kwamba haikuwa bahati mbaya. Mji ulichorwa hivyo. Mpango mkuu wa 1976, uliotengenezwa na kampuni ya Toronto, ulitaka mji wa chini wenye bustani, usioshindana kwa maghorofa, ambao mtu angekwenda kwa miguu au kwa basi, na kila mtaa uwe na shule na soko lake karibu. Nilipenda kusikia hivyo. Nilijiona nimekuwa natii mpango mkuu bila kujua.

Lakini fikiria mwenyewe. Dodoma iliposwa 1973, TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipopitisha kwamba makao makuu yahamie hapa. CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikaundwa mwaka huohuo kusimamia harusi. Nguo ikashonwa Kanada. Kisha bwana harusi akaendelea kulala Dar. Mahari ikalipwa kwa mafungu: leo barabara, kesho ukumbi, 2007 chuo kikuu. Kila kizazi kikaambiwa safari hii anakuja kweli. Mpaka Julai 2016, miaka arobaini na mitatu baada ya posa, ndipo Rais Magufuli aliposimama akasema tunahama, na watu wakaanza kutafuta maboksi.

Sijui kama kuna mwanamke ambaye angesubiri hivyo bila kubadilika tabia.

Nahisi mji huu ulibadilika. Ulijifunza kutomtegemea mgeni. Wenyeji wa Majengo na Chang'ombe wana namna ya kukuuzia nyanya wakikutazama kama mtu wa kupita, na hawakosei, maana wengi wetu tulikuwa wa kupita. Hata ardhi yenyewe ilitolewa kama ya kupita: hati za CDA zilikuwa za miaka 33, na ni baada ya CDA kuvunjwa Mei 2017 ndipo tukaanza kusikia habari ya 99. Hati yangu ya Iyumbu ni ya 99. Nilipoipata niliitazama ile namba nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi nilikuwa bado nalalia godoro la muda.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 hapa mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Katika hao walioongezeka nimo. Karani alikuja na kishikwambi chake, akakaa kwenye kiti changu pekee cha plastiki, mimi nikakaa kitandani.

"Nani mwingine alilala hapa usiku wa kuamkia sensa?"

"Hakuna."

"Umeolewa?"

"Ndiyo."

Akaandika. Hakuuliza zaidi, na nilimshukuru kwa hilo kuliko alivyojua.

## Unaangalia ng'ombe

Wiki ya tatu ya kutoamua, kazi ilinipeleka upande wa Mvumi. Tukiwa tunasubiri kikao kianze (vikao vya vijijini huanza mwenyekiti akishapatikana) nikaingia kwa bibi mmoja kuomba maji. Nyumba yake ni tembe. Zimebaki chache, watu wanataka bati, na siwalaumu, kwa sababu paa la udongo linataka kukarabatiwa kila mara na mvua kubwa haina simile nalo.

"Mbukwenyi," akasema.

"Mbukwa," nikajibu, na Kigogo changu kikaishia hapo.

Kuingia tembe lazima uiname. Kuta ni fupi, za miti na udongo, paa limelala bapa limefunikwa udongo, na nyumba nzima inaonekana kama imechuchumaa ili upepo upite juu yake. Upepo ulikuwa unapita juu yake kweli. Ndani kulikuwa na utulivu ambao ofisi zetu mpya za vioo zinautafuta kwa viyoyozi na haziupati.

Bibi akanionyesha nyumba kama mtu anayekuonyesha albamu. Upande huu alianza na marehemu mumewe. Upande ule aliongeza mwanawe mkubwa alipooa. Kile kilichobomoka kilikuwa cha mke mwenza, ambaye naye ametangulia, hawakukijenga tena. Nyumba ilianza kama mstari, watu walipoongezeka ikapinda kona, sasa imebaki kama herufi L yenye mkia uliokatika. Ua uko katikati, na mifugo inalala humo.

Mimi nina ramani ya vyumba vitatu niliyoilipia kabla ya kuwa na watu wa kuviweka. Kimoja kimeandikwa "watoto". Hatujajaliwa, na leo sitalisema zaidi ya hapo.

Nikamuuliza bibi, kupitia mjukuu wake, wao huamuaje mlango uangalie wapi.

Mjukuu akatafsiri. Bibi akanitazama kama niliyeuliza maji yanatelemka upande gani.

"Unaangalia ng'ombe," akasema.

Kwenye gari nilikaa dirishani, nikahesabu mibuyu mpaka nikachoka, nikijiuliza ng'ombe wangu ni nani.

## Treni ilipotuvua nguo

Hapa ndipo penye sehemu niliyoichelewesha.

Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, ilipoanza kufika Dodoma, nilifurahi kama mtoto. Chini ya saa nne! Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: Ijumaa nikitoka kazini nawahi ya jioni, usiku huohuo nimelala kwangu. Naye Jumamosi akifunga duka anapanda, Jumatatu alfajiri anarudi. Nikamtumia ile hesabu. Akanijibu kwa vidole gumba vitatu.

Agosti nilikwenda kila wiki. Kwenye treni hakuna anayekuuzia mahindi dirishani, hakuna kuchimba dawa, unakaa umenyooka kama uko kwenye mahojiano, na nje nyika inapita kwa kasi ambayo hairuhusu kuizoea. Nilikumbuka basi mara moja moja. Basi lilikuwa linakuchosha mpaka unafika huna nguvu ya kugombana.

Yeye alikuja Septemba, mara moja. Oktoba tiketi zilikuwa zimejaa, na ni kweli zilijaa. Novemba alikuwa na mafua. Desemba ni msimu wa biashara. Kila sababu, ukiipima peke yake, ilikuwa na uzito wake. Lakini miaka saba tulikuwa na sababu moja kubwa iliyotutosha wote wawili, na sasa serikali ilikuwa imetuondolea.

Ningependa kuishia hapo, mimi nikiwa niliyeonewa. Isingekuwa kweli.

Kwa sababu Agosti ileile, Jumamosi moja Dar, niliamka saa kumi na mbili nikaenda jikoni kuchemsha chai, na sikuiona chumvi. Alikuwa ameihamishia kabati la juu. Lini, sijui. Nikasimama katikati ya jiko langu mwenyewe nikifungua makabati taratibu, nisimwamshe, kama mgeni aliyelala kwa watu. Joto limeshaanza. Na katikati ya joto lile nikatamani Area C: sufuria yangu moja, baridi ya asubuhi, ukimya wa Jumapili ambao kwa miaka yote nilikuwa naulalamikia.

Nikarudi na treni ya mchana badala ya jioni. Nilimwambia nina kazi ya kumalizia.

Sikuwa na kazi ya kumalizia.

Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Dodoma ina upweke. Nimewaambia wengi, baadhi yenu mlinisoma nikisema hivyo. Siku ile kwenye treni, kati ya Morogoro na Kilosa, upweke ulikuwa umekaa kiti cha pembeni yangu, na Dodoma ilikuwa bado haijaonekana.

## Wenzio tunalia

Nilimsimulia rafiki yangu wa ofisini habari ya "wewe amua tu". Akacheka mpaka akashika meza.

"Wewe! Wenzio tunalia, waume wanaingilia mpaka rangi ya pazia. Wewe umepewa nyumba nzima uamue, unanuna?"

Ana hoja. Mama yangu aliishi miaka thelathini kwenye nyumba ambayo hakuchagua hata bawaba. Angesikia mwanaume anasema vile angedhani ni hadithi. Kuna siku niliamini hivyo kabisa: ni heshima, ananiamini, nyumba iko kwenye mshahara wangu na kiwanja kina jina langu, aseme nini tena? Kesho yake naamini kinyume. Mtu anakuachia uamuzi wote wa nyumba pale ambapo yeye hajioni ndani yake.

Maneno ni yaleyale matatu. Nimeyapindua kila upande, kama nguo unayotafuta ilipochanikia.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia rafiki yangu, wala fundi. Mlango ukitazama barabara, unatazama mashariki. Mashariki ndiko Dar. Ukiugeuza kwa sababu ya upepo, nyumba nzima inampa kisogo. Najua ni upuuzi, nyumba haina uso. Lakini ilikuwa usiku wa manane, na usiku wa manane nyumba ina uso.

## Swali jingine

Wiki ya tano fundi alipiga simu. Alikuwa amepata kazi nyingine Nala, alitaka kujua anisubiri au aende. Nikamwambia anipe mpaka jioni.

Nikampigia mume wangu. Ilikuwa Jumapili, hakukuwa na vurugu za dukani. Sikumuuliza habari ya mlango.

"Ukija huku," nikasema, "utakuwa unakaa wapi?"

"Kivipi?"

"Mle ndani. Ukifika, umeshaoga, umeshakula. Unakaa wapi?"

Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikaitazama simu nione kama imekatika. Sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Hiyo nyumba ina kibaraza?" akauliza.

Haina. Kwenye ramani kuna ngazi mbili na mlango. Nikakumbuka kwamba kule Dar, tulipokuwa tumepanga ghorofa ya pili, alikuwa akitoka jioni na kigoda kukaa kwenye korido, majirani wakimruka, na mimi nikimgombeza kwamba anaziba njia. Nilidhani anakimbia joto. Labda alikuwa anakimbia joto.

"Unataka kibaraza?"

"Mimi sisemi," akasema. "Nauliza tu."

Tukaongea mengine, bei ya saruji, mama yake na presha. Hakusema atakuja lini. Mimi sikuuliza, na sina hakika kama niliogopa jibu au nilisahau.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kiwanjani. Fundi alikuwa ameshapiga vigingi vipya. Upepo ni uleule. Nikasimama katikati ya kamba, mahali ambapo ramani inasema ni sebuleni, nikatazama mashariki: barabara, vumbi, bodaboda anapita na magunia mawili ya mkaa. Nikageuka. Magharibi kuna mbuyu mmoja, na nyuma yake maboma ya watu yasiyo na paa.

"Magharibi," nikamwambia. "Halafu weka kibaraza mbele yake, kipauliwe, jua lisifike mlangoni. Cha upana wa viti viwili."

"Kibaraza hakimo kwenye ramani, mama."

"Kiongeze."

Akapima kwa hatua, akarudi akapima tena, midomo ikihesabu. Akaokota kijiti akaandika namba kwenye vumbi, upepo ukaifuta, akaiandika upya kwenye kiganja.

"Nguzo mbili, kwa hiyo nondo zinaongezeka," akasema. "Tofali kama mia mbili hivi. Saruji mifuko minane, tuseme tisa. Na boza la maji, maana hili la leo halitatosha."

"Tisa?"

"Minane, ukinunua mwenyewe."